Usiku wa Kwanza Baada ya Kisu: Barua ya Wazi kwa Mnaopanga Bajeti na Zamu za Hospitali Zetu

Kwa waheshimiwa mnaosimamia bajeti, ajira na zamu za hospitali za Kanda ya Ziwa.

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu mliomo humo ofisini, habari za kazi.

Mimi ni muuza dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Sina cheo, sisemei chama chochote, na hospitali nitakayoisimulia sitaitaja jina. Kwanza, mdogo wangu yuko hai, na waliomwokoa ni watu wa humo humo. Pili, nilipowasimulia wenzangu sokoni huku tunashona magunia, kila mmoja alitoa ya kwake, na hospitali zilikuwa tofauti tofauti: za serikali, za mashirika ya dini, za watu binafsi. Nikiitaja moja, nyingine zitalala usingizi zikijua hazikuguswa.

Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa kisiwani Kome, humu Ziwa Victoria. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka watu wanapumzika kambini. Taa zinaelea juu ya maji, dagaa wanazifuata, na muda wote huo lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kutolala. Akisinzia, upepo unahamisha taa na usiku umekwenda bure. Kwetu huyo analipwa kama wengine. Hakuna anayesema hafanyi kitu.

Septemba alianza na homa. Dukani wakampa dawa ya malaria, homa ikapoa siku mbili, ikarudi. Wiki ya tatu tumbo likakaza kama ubao. Ilikuwa taifodi, ile ya kunywa maji yaliyoingia kinyesi, na kambi zetu mnazijua: choo ni kichakani na kisima ni ziwa lile lile (hilo peke yake lina barua yake, siku nyingine). Ugonjwa huo ukiachwa, kufikia wiki ya tatu vidonda vyake vinaweza kuutoboa utumbo, na uchafu ukamwagika tumboni. Hapo vidonge peke yake havitoshi. Ni kupasua.

Alivushwa kwa boti, akapakiwa gari, wakalipita daraja la Kigongo–Busisi. Nalisifu daraja hilo bila kuombwa na mtu. Kabla halijafunguliwa mwaka 2025 tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko pale Busisi, na nimewahi kumwona mama mwenye uchungu amekaa chini ya mti akingoja kivuko kigeuze upande wa pili. Sasa zile kilomita tatu za maji unazimaliza kabla hujamaliza maongezi. Asubuhi ile ile alifika Mwanza, saa tisa alasiri akaingia thieta, saa kumi na mbili na nusu akatoka. Daktari alinikuta nje, kofia bado iko kichwani, akaniambia: "Dada, tumbo tumelisafisha, utumbo tumeutoa nje ubavuni kwa muda, ukipona tutaurudisha. Ametoka salama." Nikalia kwa furaha. Nikawapigia simu Kome.

Sikujua kwamba sehemu ngumu ndiyo inaanza.

Saa mbili usiku mlinzi alipita akigonga vyuma vya vitanda: ndugu wa wagonjwa, muda umekwisha, nje. Tukatoka. Saa tatu kasoro nesi akaja barazani tulikojikunyata, akauliza: "Nani wa kitanda cha 31? Njoo umshike mgonjwa wako, anataka kuchomoa mpira wa mkojo." Mlinzi ananitoa, nesi ananiita. Waheshimiwa, naomba mkae na jambo hilo kidogo kabla hamjaendelea kusoma. Hospitali ile ilikuwa na kanuni inayosema mimi sitakiwi wodini usiku, na ilikuwa na kazi ambayo bila mimi haifanyiki.

Nikaingia. Vitanda nilivihesabu, 44, na magodoro sita chini. Wahudumu wawili: nesi mmoja, na mama mmoja wa usafi aliyekuwa akifanya pia mambo ambayo nadhani hakuajiriwa kuyafanya. Nesi yule sikumwona amekaa hata mara moja hadi kunakucha. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu akaichukua barua hii kwenda kumwadhibu nesi. Mashine ya kupimia presha ilikuwa moja, na ilikuwa imeazimwa wodi ya pili.

Mdogo wangu hakutulia. Anajigeuza, anavuta dripu, anasema ana kiu, anasema kuna joto wakati mikono ni ya baridi. Nikamshika mikono kama nilivyoagizwa, nikamwimbia hata, ili atulie. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba mtu aliyetoka kupasuliwa akiwa hatulii, huenda mwili unakosa damu au hewa. Kule kutotulia ndiko kulikokuwa habari yenyewe, na mimi nilikuwa nimewekwa pale kuinyamazisha.

Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja mtu mzima wa Geita, anamuuguza mwanawe aliyevunjika mguu kwa bodaboda. Alikuwa ameshakaa wodini wiki tano. Saa nne hivi aliniuliza, "Mwanangu, huo mkojo unauangalia?" Nikamwambia nauonaje. Akatoa kalamu ya wino kwenye fundo la kanga, akainama, akachora mstari kwenye mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia ubavuni mwa kitanda, pale pale mkojo ulipofika. Akasema tusubiri.

Saa saba mkojo ulikuwa kwenye mstari. Saa nane na nusu, kwenye mstari. Akaniambia sasa hesabu anavyopumua. Nikaangalia saa ya simu: mara 36 kwa dakika. Sikujua wakati ule kwamba mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20, lakini nimekulia ziwani, na hata mtu aliyetoka kupiga makasia dhidi ya upepo hapumui vile. Nikamuuliza, mama, umejuaje mambo haya? Akasema, "Aliyekuwa kitanda hicho kabla ya huyu, mkojo ulisimama hivi hivi." Hakumalizia, nami sikumuuliza.

Nilimkuta nesi upande wa mwisho wa wodi, glavu zimelowa, amekandamiza kidonda cha mtu. Alikuja mara alipopata mkono. Alipomtazama tu mdogo wangu ndani ya kope za chini, akapiga simu. Daktari wa zamu alikuwa thieta, na mama wa kujifungua kwa upasuaji. Akafika saa kumi na nusu. Kufikia saa kumi na mbili tumbo lilikuwa limefunguliwa tena: kulikuwa na mshipa unavuja ndani. Mimi na shemeji yetu tukatoa damu. Wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, mama wa Geita. Kalamu yake ndiyo ilikuwa mashine ya wodi ile usiku ule.

Nilikaa pale siku 19, na nina binti wa dada yangu ambaye ni nesi mkoa mwingine. Nilimsumbua kwa simu kila siku, naye akawa ananitumia vitu vya kusoma na kunifafanulia visivyosomeka kwa mtu wa kidato cha nne. Ndiyo maana nitawatajia hesabu ambazo muuza dagaa hazaliwi nazo.

Mtu wa kilo 60 anatakiwa atoe mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Hivyo ni vijiko viwili vya chakula. Vijiko viwili kila saa, na anayeona havikutoka anajua kuna jambo. Baada ya upasuaji mkubwa, mapigo ya moyo, presha, pumzi na hewa ya oksijeni vinatakiwa vipimwe kila robo saa mwanzoni, kisha nusu saa, kisha taratibu nafasi inapanuka kadiri mtu anavyokuwa imara. Mdogo wangu, tangu saa moja jioni hadi saa tisa usiku, alipimwa mara moja. Nilimwambia hilo mpwa wangu nikidhani atashangaa. "Mama mdogo," akanijibu, "cha kufanya tunakijua. Tulisoma, tukafanya mtihani, tukafaulu. Mimi mwenyewe jana usiku nilikuwa na 38. Ukipima kila mmoja kila saa, dakika tano tano, saa ina dakika ngapi?"

Piga hesabu wenyewe. Wagonjwa 38 mara dakika tano ni dakika 190.

Mnaujua utafiti uliofanywa kwenye hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, majibu yakatoka mwaka 2018. Wagonjwa zaidi ya 11,000. Waafrika waliopasuliwa walikuwa vijana zaidi na wenye afya bora kuliko wanaopasuliwa kwingine, lakini wakafa mara mbili ya wastani wa dunia. Na waliokufa, karibu 19 kati ya kila 20 hawakufia mezani chini ya taa kubwa. Walikufa baadaye, walipokuwa wamesharudishwa wodini, ndugu wameshapiga simu nyumbani kusema ametoka salama. Nami nilipiga simu hiyo.

Ninapoona picha zenu mkizindua jengo la upasuaji, na yamezinduliwa mengi, hadi vituo vya afya sasa vinapasua akina mama ambao zamani wangefia njiani, ninafurahi kweli. Utepe, mkasi, makofi. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya zamu ya usiku. Haina ukuta wa kubandika kibao cha shaba. Lakini kila thieta mpya inazalisha wagonjwa wa usiku wa kwanza, na wagonjwa hao mnawapeleka kwa nesi yule yule mmoja.

Kuna mtu atasema, basi tutatoa mwongozo, wauguzi waongeze uangalizi. Samahani, hilo limeshajaribiwa. Watafiti wale wale walirudi na jaribio kubwa zaidi, hospitali zaidi ya 300 katika nchi 28 za Afrika, majibu yakachapishwa mwaka 2021. Wagonjwa walio hatarini walitakiwa wapimwe mara nyingi zaidi, walazwe kitanda kinachoonekana kutoka meza ya nesi, ndugu waruhusiwe kukaa nao, karatasi ya maelekezo iwekwe kando ya kitanda. Mambo mazuri yote. Vifo havikupungua. Wataalamu wana maelezo yao marefu. La kwangu ni fupi. Kuona bila mikono ya kutenda ni kushuhudia. Mama wa Geita aliona, mimi niliona, nesi aliona, na bado saa mbili zilipita kabla ya daktari kufika kwa sababu alikuwa mmoja na alikuwa anaokoa wengine wawili.

Basi msituletee bango.

Ninachoomba kwanza ni watu wa usiku. Sitawatajia idadi, ninyi mna wataalamu wa kupanga. Ninachotaka ni kwamba idadi mtakayoiona inafaa muitangaze, na kila jioni ubaoni, mlangoni pa wodi, iandikwe: leo usiku wauguzi wangapi, wagonjwa wangapi, wangapi wametoka thieta leo. Tuone. Vyuoni vijana wanahitimu uuguzi kila mwaka. Kuna wengine wanauza vocha hapa Mwaloni, vyeti viko kwenye begi. Nimemnunulia mmoja chai. Sijui kwa nini yeye yuko kwangu na si wodini, lakini ninyi mnajua.

Katika kila wodi ya upasuaji nitaomba pia vitanda vichache vya usiku wa kwanza, karibu na meza ya nesi, vyenye mashine yake ya presha isiyoazimwa na kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Mdogo wangu alilazwa mwisho kabisa, jirani na choo, kwa sababu ndicho kitanda kilichokuwa wazi. Kuhamisha kitanda hakuhitaji mfadhili.

La karatasi nitalisema kwa urefu kidogo kwa sababu lina aibu yake. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, mambo 19, ukurasa mmoja. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane za nchi nane, na moja ilikuwa hapa kwetu, Ifakara. Vifo vikashuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Kila mtu anaikumbuka sehemu ya mwanzo: jina lako nani, tunapasua wapi. Lakini orodha ile ina mwisho. Kabla mgonjwa hajatolewa thieta, mpasuaji, mtu wa dawa ya usingizi na nesi wanatakiwa waseme kwa sauti nini cha kuangaliwa mgonjwa akifika wodini. Hayo waliyoyasema yanakwenda wapi? Kwenye faili la mdogo wangu kulikuwa na mistari minne ya Kiingereza, mwandiko wa kuku. Nesi wa usiku hakuwepo yaliposemwa, nami niliyekuwa nimemshika mgonjwa mikono sikuweza kuyasoma. Iwe karatasi moja ya Kiswahili, herufi za kusomeka, imebanwa kitandani: mapigo yakizidi haya ita, pumzi zikizidi hizi ita, mkojo ukipungua vijiko viwili kwa saa ita. Nilisema msituletee bango, na hili si bango, maana nataka atakayeitwa awepo.

Na sisi ndugu, amueni. Ama tuko wodini ama hatuko. Kama tuko, tupeni kadi ya ndugu mmoja kwa kila aliyepasuliwa, mtueleze cha kuangalia, na mlinzi aijue kadi hiyo. Kama hatuko, basi pasiwe na kazi hata moja inayotungoja. Hii ya kufukuzwa na kuitwa imechosha. Usiku ule nilinyeshewa barazani nikiwa ndiye tegemeo la wodi.

La hesabu. Mama akifariki katika uzazi, nchi hii siku hizi inakaa kikao: alifika saa ngapi, nani alimwona, nini kilikosekana. Vifo vya uzazi, kwa takwimu za taifa, vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na katika ule wa 2022 vikawa 104. Sisemi vikao ndivyo vilivyofanya yote, kulikuwa na fedha, majengo na watu. Lakini kifo kinachohesabiwa kinasumbua watu ofisini. Aliyekuwa kitanda cha 31 kabla ya mdogo wangu, alijadiliwa na nani? Alihesabiwa kama nini, tumbo? Naomba kila anayekufa ndani ya siku 30 baada ya kupasuliwa akaliwe kikao kama anavyokaliwa mzazi, na mkoa useme hadharani wamekuwa wangapi.

Fedha nitaigusa tu. Tuliuza mashine ya mtumbwi, ndiyo iliyolipa. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2015 ilikadiria watu milioni 33 kila mwaka duniani wanatumbukia kwenye hali mbaya ya kifedha kwa kulipia upasuaji, kwa hiyo tuna wenzetu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa Bungeni mwaka 2023. Wavuvi wa kambini hawana mwajiri wa kuwakata mshahara. Wafuateni mialoni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, wakati wa mbalamwezi, ndipo wanapokuwa na nafasi ya kusikiliza, na msije na karatasi za kujaza kurasa sita.

Mdogo wangu sasa yuko kwangu, Kirumba. Amekonda lakini anakula, anakaa mlangoni anashona nyavu za watu. Mifuko maalumu ya kubandika ubavuni kupokea kinyesi ni ghali na mara nyingine haipatikani mjini kote, tumejifunza kubana kitambaa na kufua mara nne kwa siku. Hilo nalo nalitaja kwa kupita. Ameambiwa arudi mwezi wa pili wamrudishie utumbo ndani. Anaogopa. Kisu hakiogopi. Aliniuliza jana, tukiwa tunakunywa uji, kama siku hiyo nitaweza kulala wodini kando yake.

Nimeshanunua kalamu mbili.

Ni mimi, muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza.